Kiti cha Mhubiri

Pigeon Fork, Kentucky
3 Machi 1997

Kwa dada yangu Maxine,

Natumaini barua hii inakukuta unakula na kulala vizuri, na kwamba jua la Arizona halijakukausha ukabaki ngozi na miwani. Huku ni matope mpaka kwenye magoti. Paa la ghala linavuja, mbwa amezeeka mpaka anabweka akiwa amelala, na mimi sijambo ukiacha goti la kushoto. Ningekupigia simu, lakini laini ya huku ni mbovu, mara ya mwisho nilikwambia nimepata ndama wa kike ukanipa pole ya msiba. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Habari yenyewe ni hii: sasa mimi ni mbeba bastola halali. Serikali imeanza kutoa leseni, na sisi wazee tuliozibeba tangu tuna nywele tumeenda darasani kama watoto wa chekechea. Mwalimu wetu ni kijana mwenye bastola nyeusi ya plastiki, kubwa kama tofali. Nilipoweka mezani bastola ya Bibi Eulalia, ile ndogo ya mpini wa lulumizi, akaniuliza kama ni ya kuwashia sigara. Nikamwambia imekaa kwenye mifuko ya ukoo wetu tangu babu yake hajazaliwa. Akanipa leseni, nadhani ili niondoke.

Pale mgahawani kwa Wanda bado tuna meza yetu. Kila asubuhi kabla ya kahawa tunamwaga vya mifukoni: kisu, leso, funguo, na bastola. Mpya haziruhusiwi, lazima iwe na umri mkubwa kuliko mwenyewe. Coy Stamper ana ile bapa ya Kijerumani ambayo baba yake alirudi nayo kutoka vitani, na anaipaka mafuta kuliko anavyopaka nywele zake. Juzi akaniuliza yangu ina risasi ngapi. Nikasema nne. Alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

Lavonne Combs, mjane wa Delbert, anakusalimu. Alikaa karibu nami kanisani, kwa bahati tu.

Na ile bastola ya Babu ya mitutu miwili, uliyoondoka nayo mkobani siku tuliyomzika, bado unayo?

Mdogo wako,
Thurman


Tucson, Arizona
17 Machi 1997

Thurman,

Mimi mzima, hofu yangu ni juu ya hiyo mifuko yako. Jirani amepanda mti wa ndimu, mwanangu Gary ameota kitambi, na daktari ameniambia niache chumvi. Nimemwacha daktari.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikacheka. Wazee wazima mnamwaga vya mifukoni kila asubuhi kama watoto wanaoonyeshana gololi. Mwambie Coy kwamba baba yake hakumnyang'anya mtu bastola vitani. Alikuwa mpishi. Alibadilishana na mtu kwa nyama ya kopo, na mama yake alituambia sote.

Lakini hapa kuna swali, na nataka jibu. Babu alitufundisha sheria moja tu kuhusu bastola ya Bibi. Ni ya kizamani, nyundo yake inalala juu ya risasi moja kwa moja, ikidondoka tu inalia. Kwa hiyo matundu matano, risasi nne, na tundu lililo chini ya nyundo linaachwa tupu. Alikuwa anakishika kidole changu na kukiweka pale: hiki ni kiti cha mhubiri, hakikaliwi na mtu. Kama kile kiti tulichokiacha wazi mezani kila Jumapili, kwa sababu mhubiri hasemi anakuja nyumba ipi.

Kiti cha mhubiri kiko wazi?

Na huyo Lavonne. Kanisa lina mabenchi kumi na mawili na wewe ukakaa karibu naye kwa bahati. Nyoa masikio.

Dada yako,
Maxine


Pigeon Fork
20 Aprili 1997

Dada Maxine,

Salamu kutoka huku, ambako miti ya dogwudi imechanua na kila kitu kinanuka vizuri isipokuwa mbwa. Paa nimelitengeneza. Nimenyoa masikio. Ndama anakua, na bado si marehemu.

Sasa nisikilize bila kucheka, ingawa najua umeshaanza. Nimekwenda kwa Lavonne kula mara tatu. Anapika maharage na mkate wa mahindi kama Bibi, na tufaha za kukaanga zinazokufanya usahau jina lako. Tangu mke wangu Ruby afe nimekula vya makopo nikiwa nimesimama kwenye sinki. Nilikuwa sijui kama nina upweke, nilidhani ni tumbo. Nampenda huyu mama, Maxine. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ana sharti moja. Delbert wake, unakumbuka, aliinama kumwagia nguruwe pumba, ile bastola yake ya zamani ikachomoka kifuani kwenye ovaroli ikapiga jiwe, ikalia. Lavonne ndiye aliyemkuta. Kwa hiyo ameniambia wazi: bastola isivuke lango lake. Nimemwambia sawa. Nimelipanga hilo jambo, usiwe na wasiwasi.

Coy naye hanyamazi. Kila asubuhi ananiuliza kama bastola yangu imefunga kula au ni maskini tu. Meza nzima sasa inaniita Bwana Nne. Wanda naye akiniletea chakula ananipa mayai manne badala ya mawili na kuondoka anacheka. Mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini si kila asubuhi.

Hukunijibu kuhusu ile ya Babu. Bado iko kwenye mkoba wako?

Thurman


Tucson
1 Mei 1997

Mdogo wangu,

Huku joto limeanza. Gary anasema ataacha kula mkate, alisema hivyo huku ana mkate mdomoni. Nashukuru kwamba ndama mzima.

Nimefurahi kuhusu Lavonne, na hapo sicheki. Ruby mwenyewe angekusukuma mgongoni. Lavonne alikuwa anachora picha nzuri tulipokuwa shule na hakuwahi kumsema mtu, jambo ambalo mimi sijaliweza mpaka leo.

Sasa kucheka kumekwisha. Umeniandikia mambo ya mbwa, dogwudi, tufaha na mayai ya Wanda. Kiti cha mhubiri umekiruka kama shimo la barabarani. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unasimulia habari za hali ya hewa. Nakujua.

Na hilo neno "nimelipanga" ndilo lililoninyima raha. Mtu anayeacha bastola nyumbani anasema nimeiacha nyumbani. Ni maneno mafupi, yanaenea kwenye mstari mmoja. Mwanamke aliyefua damu ya mumewe kwenye ovaroli hahitaji mpango wako. Kama unamdanganya, acha leo.

Nauliza tena. Kiti cha mhubiri kiko wazi?

Maxine


Tucson
22 Juni 1997

Thurman,

Wiki zimepita na hakuna kitu. Nimepiga simu, umepokea, nimesikia sauti kama nyuki ndani ya ndoo, ukakata. Angalau ulikuwa wewe, maana nyuki yule alikuwa anakohoa kama baba.

Nitumie hata kadi. Andika neno moja tu, mzima au si mzima.

Maxine


Pigeon Fork
6 Julai 1997

Dada Maxine,

Mzima.

Huku ni joto, nyasi zimenishinda na mbwa amelala chini ya gari tangu Jumanne. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na kazi za hapa na pale. Kwa Wanda siendi siku hizi, kahawa yake imeharibika. Kanisani pia nimepumzika kidogo, kwa ajili ya goti. Lavonne nasikia hajambo.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo. Babu alipokuwa anasuka viti kwa gome la mti wa hikori, wewe ndiye uliyekuwa unamsaidia. Gome unaliloweka siku ngapi kabla ya kusuka? Na kama kiti kina tundu katikati tu, unaweza kuziba hapo au lazima ufumue chote?

Sina haraka, lakini nijibu upesi.

Thurman


Tucson
15 Julai 1997

Bwana Nne,

Gary hajambo, ndimu zimetoka, na mimi nimekaa hapa na barua yako nikiigeuza kama karata.

Goti halimkatazi mtu kukaa kwenye benchi la kanisa. Wanda amekuwa akipika kahawa mbovu ileile tangu ana miaka ishirini. Na wewe katika maisha yako yote hujawahi kusuka chochote, hata kamba ya kiatu ilikutoa machozi. Leo unataka kusuka kiti. Kina tundu. Katikati. Kama kuna panya wa Kentucky anayetoboa kiti katikati tu, sijamsikia.

Ni kiti cha nani, Thurman? Na kilikuwa kimekaliwa?

Hayo mawili tu. Ukinijibu hayo nitakufundisha kusuka. Usinitajie mbwa.

Maxine


Pigeon Fork
3 Agosti 1997

Dada Maxine,

Sina salamu. Nitazipata nikimaliza.

Nilijaza. Kile kiti cha mhubiri nilikijaza. Asubuhi moja Coy aliniuliza tena, nikaifungua bastola mbele ya meza nzima nikaingiza ya tano palepale, nikaifunga. Wakapiga makofi. Wanda akaniletea mayai matano. Nilitoka pale najiona nimerefuka.

Na kwa Lavonne sikuiacha nyumbani. Mpango wangu ulikuwa huu: yeye akinifungulia lango huwa anatazama mfuko wa suruali, basi nikaihamishia kifuani ndani ya koti la Jumapili. Ndiyo, kifuani. Unaweza kusema unachotaka, nimeshajisemea.

Ilikuwa Jumapili mwishoni mwa Mei. Alimwalika mhubiri, Ndugu Estill, na meza ilikuwa imejaa kuku na matonge ya unga na tufaha zangu. Tukasimama nyuma ya viti tukashikana mikono ili Ndugu Estill aombee chakula. Unamjua, huwa anawaombea mpaka watu wa meli. Mimi, ili Lavonne aone nilivyo mtu wa Mungu, nikainamisha kichwa kuliko kila mtu. Nikainama mpaka kiunoni. Ikachomoka, ikatangulia nyundo kwenye jiwe la sakafuni karibu na meko, ikalia.

Risasi ilipita kwenye kiti cha Ndugu Estill kutoka chini, katikati ya gome, ikatoka ikaingia kwenye dari. Kama angekuwa mtu wa sala fupi angekuwa amekaa. Akasema amina, akasema hana njaa sana.

Lavonne hakupiga kelele. Alizima jiko. Akafunika kuku. Akaja mpaka karibu yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Delbert naye alikuwa ananiambia ameiacha ndani." Kisha akatoka akaenda kusimama barazani na mgongo wake kwetu, mpaka tulipoondoka.

Aibu ya Coy niliikimbia, na hii ndiyo niliyoikimbilia. Nilipita kwa Lavonne baadaye, hakufungua, lakini kile kiti kilikuwa kando ya barabara kinasubiri gari la taka. Nimekibeba nyumbani. Sijui cha kufanya isipokuwa kukitengeneza.

Ndugu yako mjinga,
Thurman


Tucson
11 Agosti 1997

Mdogo wangu Thurman,

Nilicheka pale kwenye kuinama mpaka kiunoni. Nilicheka mpaka jirani akaja. Halafu nikafika kwa Delbert nikalia, jirani yuleyule akanikuta nalia, sasa anadhani nimechanganyikiwa.

Fumua chote. Gome likizibwa katikati tu linaachia pembeni, na Lavonne ataona kiraka kila akipita. Usiku mmoja kwenye maji unatosha, likiwa laini kama mkanda wa zamani unaanza. Vuta mpaka vidole viume. La kwanza litakuwa baya, lifumue. La pili litakuwa baya, lifumue pia.

Na ukimpelekea, usimweleze habari ya Coy. Usimweleze habari ya mayai. Kila mwanamume aliyemfikisha mtu pabaya ana habari ya mwanamume mwingine aliyemcheka. Mwambie ulidanganya, na unyamaze hapo.

Nina hasira na wewe, na ninamshukuru Mungu kwa sala ndefu za Estill. Nilikuwa naogopa kufungua barua yako. Hilo nalo ujue.

Dada yako,
Maxine


Pigeon Fork
19 Oktoba 1997

Dada Maxine,

Salamu nyingi zenye afya. Majani yamegeuka mekundu mpaka juu mlimani, ndama amekuwa ng'ombe mwenye kiburi, na mbwa bado anabweka usingizini. Natumaini Gary na mkate wake wameelewana.

Kiti nilikifumua mara nne. Mara ya tano kikakaa sawa. Nilikipeleka kwa Lavonne mwanzoni mwa Septemba nikakiweka langoni. Nikasema, "Nilikudanganya." Nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Alikibonyeza kwa kiganja. Akasema kiti kimesukika, sasa tuone wewe.

Akaniwekea utaratibu. Nikitaka kuja Jumapili nisimame langoni, nimwage vya mifukoni juu ya nguzo, vyote, na koti niligeuze ndani nje. Kisu, leso, funguo, peremende za mbwa. Barabara ile ndiyo ya kwenda kanisani, kwa hiyo Pigeon Fork nzima ilinipita nikiwa nimeshika koti juu chini. Coy alikuwa anapunguza mwendo kabisa. Jumapili moja alishusha kioo akauliza kama leo nina nne au tano. Nikamwambia nina peremende, anataka? Akapandisha kioo.

Nilisimama pale kila Jumapili. Mvua ilininyeshea mara mbili. Chakula alikuwa ananipa, lakini barazani, na yeye anakula ndani.

Jumapili iliyopita nilifika, nikaanza na leso kama kawaida. Lavonne alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alinitazama nikitoa funguo. Akasema, "Rudisha hivyo vitu mfukoni, Thurman. Ingia, chakula kinapoa." Niliingia funguo zikiwa bado mkononi. Alinikalisha kwenye kile kiti. Kinabana kidogo upande wa kulia lakini kinakalika.

Tunaoana mwishoni mwa Novemba, Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani. Ndugu Estill amekubali kufungisha, ila ameomba afanyie kanisani na watu wote wakae mbali.

Bastola ya Bibi iko ukutani kwangu. Nimeifungua katikati nikaitundika kwenye msumari hivyohivyo, shingo imekunjika, kila anayeingia anayaona matundu. Suruali yangu bado inaning'inia upande mmoja kwa mazoea, na nikitembea najisikia nimesahau kitu. Nilikuwa naipapasa mara mia kwa siku, sasa nakuta leso.

Uliniuliza swali nikakaa nalo tangu Machi. Jibu ni hili: kiti cha mhubiri kiko wazi. Vyote vitano viko wazi.

Sasa mimi nimekuuliza mara mbili na wewe ukanipa habari za ndimu. Nini kiko kwenye mkoba wako, Dada?

Thurman


Tucson
2 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Ndimu zimezaa sana mwaka huu. Gary amekonda, nadhani ana mpenzi. Hali ya hewa ni nzuri, asubuhi kuna ubaridi, jana kulikuwa na upepo kidogo kutoka magharibi.

Haya, umeona. Hata mimi najua kusimulia hali ya hewa.

Ninakuja harusini. Nitapanda basi, siku tatu za kukalia mifupa, badala ya ndege ambayo Gary yuko tayari kunikatia tiketi. Amenishangaa, na sikumwambia kwamba uwanjani wanapekua mikoba ya akina mama. Wewe nakwambia. Ile ya Babu iko mkobani, chini ya Biblia, imefungwa kwenye leso ya Babu. Nimeenda nayo kununua maziwa, nimeenda nayo kwa daktari wa meno, nimekaa nayo kwapani huku nakuandikia kwamba nyie ni watoto wa gololi. Tangu mume wangu Walt afe naogopa mlango wangu mwenyewe ukigongwa. Hata jirani wa ndimu akigonga, mkono wangu unaingia kwenye mkoba kabla sijajibu. Mzee wa watu ananiletea matunda.

Mwambie Lavonne anisubiri langoni na afute ile nguzo vizuri. Mimi nina vitu vingi kuliko wewe, nitachukua muda, na Coy akipita apunguze mwendo akitaka. Nikimaliza kumwaga, asinipe chakula barazani, mimi ni mzee na huko kuna baridi.

Anikalishe kwenye kile kiti ulichosuka. Nataka nione kama ulivuta gome vizuri.

Dada yako,
Maxine